Mwalimu, Nimekosea?

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri hapa Nakuru, tulipokuwa tukifunga juma la mafunzo ya kriketi ya vijana wakati wa likizo. Wazazi kadhaa waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeacha mahali nilipokohoa na mahali ambapo upepo ulikitwaa kipaza sauti.

Hamjambo? Hamjambo tena? Haya, sasa mmeamka.

Mwenyekiti wa kamati, walimu wenzangu, wazazi, akina mama mliotupikia chai na mandazi wiki nzima, nasimamia itifaki iliyokwisha kutajwa. Nimepewa dakika ishirini. Mnajua vizuri mwalimu mstaafu akipewa dakika ishirini hufanya nini. Lakini nikitazama kule kwenye kreta ya Menengai naona wingu, na wingu lile ndilo litakalonikalisha chini hata kabla ya mwenyekiti kuangalia saa.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine. Ilihusu kulala mapema, kunywa maji na kutii makocha. Iko hapa mfukoni na itabaki humo, kwa sababu ya jambo lililotokea Jumatano. Nusu yenu mliliona kwa macho. Nusu nyingine mmelisikia likiwa limeshaota pembe na mkia.

Kwa wale ambao hawakuwepo: ilikuwa ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, timu iliyokuwa ikipiga ilihitaji mikimbio 9, na wiketi iliyobaki ilikuwa moja, yaani akitoka mpigaji mmoja tu, mechi imekwisha. Mpira ukakabidhiwa msichana wa miaka kumi na mitano. Akaja mbio, akafika mstarini, mkono ukaanza kupanda, halafu akasimama. Akageuka, akavigusa vijiti kwa mpira. Vile vipande viwili vya juu vikaanguka kwenye mkeka tunaochezea. Mvulana aliyesimama upande wake, yule mpigaji ambaye hakuwa akiukabili mpira, alikuwa ameshaondoka. Alikuwa nje kwa hatua moja na nusu. Najua, kwa sababu baadaye nilipima kwa mguu wangu. Alama ya njumu yake ilikuwa imebaki kwenye vumbi kando ya mkeka. Msichana akanigeukia mimi niliyekuwa mwamuzi, na kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani, akasema, "Hauzati?", yaani, ametoka au hajatoka?

Nikainua kidole: ametoka.

Kelele zilizofuata mnazijua. Mzazi mmoja, simtaji, yuko hapa na ameshika soda, alisema huo ni wizi. Mwingine akamjibu kwamba mwizi ni yule aliyeondoka kabla ya wakati. Vijana wa timu iliyoshindwa wakaingia kwenye basi bila kumpa mtu mkono. Na mshindi mwenyewe, badala ya kusherehekea, akanifuata nyuma ya banda la chai, macho mekundu, akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea?"

Nikamwambia, "Hapana." Nikachukua kikombe changu nikaenda.

Usiku ule sikulala vizuri. Jibu langu halikuwa la uongo. Lilikuwa fupi mno kwa swali lile, na mtoto hastahili kupewa jibu fupi kwa sababu tu mwalimu ana njaa. Kwa hiyo leo nimekuja kulimalizia jibu lile mbele yenu nyote.

Wazazi ambao mnaiona kriketi kama watu waliovaa nyeupe wakingojea chakula cha mchana, nivumilieni kidogo. Kuna vijiti vitatu upande huu na vitatu upande ule, na kati yao yadi 22, yaani mita 20 na kidogo. Futi nne mbele ya vijiti kuna mstari. Mstari ule ndio kizingiti cha nyumba yako. Ukiwa ndani, hata kama ni ncha tu ya gongo lako iliyogusa ndani, uko salama. (Naomba tuliite gongo. Vijana wengine hapa huliita bati, na Jumatatu mama mmoja aliniuliza tunaezeka nini.) Ukiwa nje na mpira bado uko hai, vijiti vikivunjwa, umetoka. Wapigaji huwa wawili kwa wakati mmoja, na ili kupata mkimbio lazima wabadilishane pande. Hapo ndipo kishawishi kilipo. Yule wa upande wa mrushaji akiondoka mapema, safari yake inakuwa fupi kuliko ya kila mtu.

Mmewahi kuwaangalia watu wa boda boda wakiwa kwenye taa nyekundu? Taa bado, lakini gurudumu la mbele limeshauvuka mstari. Linasogea. Linasogea tena. Taa ikigeuka kijani, mwenzetu ameshafika Section 58. Huyo ndiye mpigaji wetu. Hana nia mbaya. Amezoea tu, na hakuna aliyewahi kumsimamisha.

Kumtoa mtu kwa namna ile kuna jina, na jina lenyewe ni dhuluma. Watu husema amemankadiwa, kutokana na Vinoo Mankad wa India, ambaye Desemba 1947, mjini Sydney, alimtoa Bill Brown wa Australia hivyo hivyo katika mechi ya Test, ile mechi ndefu ya siku kadhaa kati ya nchi na nchi. Kelele zikawa nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba katika mechi ya awali ya ziara ile ile, Mankad alikuwa amemtoa Brown huyo huyo kwa njia hiyo hiyo, na mara ile alianza kwa kumwonya. Kinachosahaulika zaidi ni kwamba Don Bradman, nahodha wa Brown mwenyewe, alimtetea Mankad. Hata hivyo, miaka yote hii jina la aliyefuata sheria ndilo limekuwa kama tusi, na jina la aliyetoka mapema limebaki safi kama shuka la hospitali ya kulipia.

Hata sheria zenyewe zilikuwa na haya. Kwa miaka kitendo hiki kiliwekwa katika sehemu ya mchezo usio wa haki, kana kwamba mrushaji ndiye mshtakiwa. Mnamo tarehe 1 Oktoba 2022 MCC, ile klabu ya London inayotunza sheria za kriketi, ilikihamishia mahali pake, pamoja na kutolewa kwa kawaida kwa mtu aliyekutwa nje ya mstari. Siku saba kabla ya hapo, pale pale kwenye uwanja wao wa Lord's, Deepti Sharma wa India alimtoa Charlie Dean wa Uingereza kwa njia hiyo, na India ikashinda kwa mikimbio 16. Ilikuwa mechi ya mwisho ya Jhulan Goswami, bingwa wa warushaji, na siku ile ulimwengu ukajadili hatua chache za Charlie Dean badala ya miaka 20 ya kazi ya mama yule.

Lakini ya nini twende London. Mwaka 2021, mjini Gaborone, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia la wanawake, jirani zetu Uganda walikutana na Kamerun. Mrushaji wa Kamerun, Maeva Douma, msichana wa miaka 16, aliwatoa Waganda wanne kwa njia hii katika mechi moja. Wanne! Wa kwanza namsamehe, hakujua. Wa pili labda alikuwa akifunga kamba za viatu mwenzake alipotolewa. Sasa wa tatu? Na wa nne? Uganda walishinda vilevile, kwa tofauti kubwa sana, kwa hiyo dunia haikuisha. Ila nimekuwa nikimfikiria yule mpigaji wa nne tangu siku ile.

Kwa hiyo, binti yangu, kisheria hukukosea, na si kwa hukumu yenye kasoro wala kwa kuonewa huruma na mwamuzi. Hapo ndipo jibu langu la Jumatano liliishia.

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo leo. Yule mzazi mwenye soda alikosea neno, lakini alikuwa amegusa kitu, na nataka kukishika kitu hicho kabla hakijaniponyoka.

Katika mpira wa miguu refa hupuliza kipenga akiona kosa, uwe umelalamika au umenyamaza. Kriketi ina jambo la ajabu. Mwamuzi hawezi kumtoa mpigaji mpaka wachezaji wamuulize. Naweza kuona kila kitu, hatua moja na nusu, mchana kweupe, lakini kama hakuna aliyefungua mdomo kusema "Hauzati?", mkono wangu unabaki mfukoni. Walioandika sheria walikiacha kitu hiki kinywani mwa mchezaji. Na hata baada ya kuuliza, nahodha anaweza kuja kwangu na kusema, "Mwamuzi, tumeondoa ombi letu," nami nikikubali, mpigaji anarudi, mradi hajatoka uwanjani.

Sasa nisikilizeni habari ya Courtney Walsh.

Oktoba 1987, Lahore, Kombe la Dunia, West Indies dhidi ya Pakistan. West Indies walikuwa wamecheza fainali zote tatu za Kombe la Dunia zilizotangulia, na mbili walishinda. Sasa walihitaji mechi hii. Ova ya mwisho, Pakistan wanataka mikimbio 14, wiketi moja tu imebaki. Mrushaji ni Walsh, kijana wa Jamaika mrefu kama mlingoti. Abdul Qadir akampiga sita moja ndefu, mpira ukavuka mpaka bila kugusa chini. Ukabaki mpira mmoja na mikimbio miwili. Walsh akaja mbio kutupa mpira wa mwisho, akamwona Saleem Jaffar, mpigaji wa upande wake, ameshaondoka, yuko mbali na nyumbani. Alichotakiwa kufanya ni kugusa vijiti tu. Mechi ingeisha pale pale, West Indies wameshinda, na sheria iko upande wake.

Walsh akasimama. Akamtazama. Jaffar akarudi. Walsh akatembea hadi mwanzo wa mbio zake, akaja upya, akatupa mpira, Qadir akapata mikimbio yake, Pakistan wakashinda. West Indies hawakufika nusu fainali, kwa mara ya kwanza tangu mashindano hayo yaanzishwe.

Mmeona alilipa nini? Nataka vijana mlione hili vizuri. Alilipa kwa pesa yake. Hakumwambia mtu mwingine awe muungwana. Kilikuwa kitu chake, kiko mkononi mwake, halali yake, akakiacha kianguke.

Mwaka 1980 mjini Bombay, nahodha wa India Gundappa Viswanath alifanya jambo kama hilo. Bob Taylor wa Uingereza alitolewa na mwamuzi kwa madai kwamba mpira umegusa gongo kisha ukadakwa. Viswanath alikuwa amesimama karibu, akajua haukugusa, akamrudisha. Taylor na Ian Botham wakajenga mikimbio 171 pamoja, na India ikashindwa kwa wiketi kumi. Naye akalipa. Dhoni, nahodha mwingine wa India, alimrudisha Ian Bell wa Uingereza mwaka 2011 katika uwanja wa Trent Bridge, naye vilevile akashindwa. Ukichunguza hadithi hizi utaona zinafanana: anayetoa ndiye anayeumia. Ndiyo maana tunazikumbuka. Nikikupa shati nisilolihitaji, hapo sijakupa kitu, nimepunguza nguo tu sandukuni.

Sasa upande wa pili. Julai 2023, Lord's tena. Uingereza na Australia. Jonny Bairstow aliinama kuukwepa mpira wa Cameron Green, akaona mambo yamekwisha, akatoka kwenye mstari kwenda kuongea na mwenzake. Hakumtazama kipa, yule anayesimama nyuma ya vijiti. Kipa Alex Carey alikuwa ameshautupa mpira, ukavunja vijiti, Bairstow nje. Mwamuzi akasema ametoka, na kisheria alikuwa ametoka. Australia wakashinda kwa mikimbio 43. Mashabiki wakapiga kelele siku nzima. Wazee wa klabu, wenye tai na makoti, wakawazomea Waaustralia ndani ya jengo lao wenyewe, hata watatu wakasimamishwa uanachama. Mawaziri wakuu wa nchi mbili wakaingilia! Watu wazima, wenye nchi za kuongoza.

Mimi nilikuwa natazama kwenye simu ya mjukuu wangu, na nilijiuliza swali moja tu: katika watu wote hawa wanaodai uungwana, nani anatoa kitu chake? Bairstow hakutoa kitu. Mashabiki hawakutoa kitu. Wote walikuwa wanataka kitu kilicho mfukoni mwa Alex Carey, na walikuwa wanakiita roho ya mchezo. Pengine Waaustralia wangemrudisha, na ningewapigia makofi kwa mikono miwili. Lakini makofi yale yangekuwa yao kuyachuma. Hayakuwa ya mashabiki kuyadai.

Tena Waingereza wana kumbukumbu fupi. Mwaka 1882, uwanja wa Oval, Londoni hiyo hiyo, kijana wa Australia aitwaye Sammy Jones alimaliza mkimbio wake, akatoka mstarini kusawazisha ardhi kidogo kwa gongo. W. G. Grace, mwenye ndevu, mchezaji mkuu wa Uingereza ya siku zile, akavunja vijiti, akauliza, Jones akatolewa. Sheria ni sheria. Waaustralia wakarudi chumbani wakiwa wamekasirika kama nyuki, na mrushaji wao Fred Spofforth akatoka na hasira ile mkononi. Uingereza ilihitaji mikimbio 85 tu kushinda. Spofforth akachukua wiketi saba, Uingereza ikaishia 77. Gazeti moja likaandika tangazo la utani la kifo cha kriketi ya Uingereza, kwamba mwili utachomwa na majivu yapelekwe Australia. Majivu hayo ndiyo wanayoyagombania hadi leo. Kwa hiyo ugomvi wa Bairstow ulikuwa ugomvi wa ukoo, umekuwa ndani ya nyumba miaka 141.

Kuhusu Angelo Mathews wa Sri Lanka, sitakawia. Delhi, Novemba 2023, aliingia kupiga, mkanda wa kofia yake ukakatika, dakika mbili zinazoruhusiwa katika Kombe la Dunia zikapita, na nahodha wa Bangladesh, Shakib Al Hasan, akaomba atolewe kwa kuchelewa. Akatolewa, na kabla ya siku ile hilo halikuwahi kutokea katika kriketi ya kimataifa. Baadaye Mathews akamtoa Shakib kwa mpira wake mwenyewe na akamwonyesha kidole kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapovaliwa. Mechi ilipoisha hawakupeana mikono. Mkiniuliza, ombi lile mimi ningeliondoa. Mkanda ukikatika, umekatika. Lakini mnaona ninavyosema: mimi ningeliondoa. Kumwambia Shakib aliondoe, hilo sina uwezo nalo.

Mnaniangalia kama mtu anayejua sana habari hizi. Basi niwaeleze ninavyozijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya, nikichezea timu ndogo ya Kisumu. Tulikuwa na mechi dhidi ya timu nyingine ya mji huo huo. Mrushaji wao alikuwa mzee wa Kigoa, karani mstaafu wa reli, na Dholuo yake ilikuwa tamu kuliko yangu mimi niliyejifunzia Kakamega. Hakuwa na kasi tena. Alikuwa na akili. Akanirushia mpira uliokuja kama unaniletea barua, nikainama kuupiga, ukageuka kidogo. Nikasikia sauti kama ya njiti ya kiberiti ikivunjika. Mpira umegusa ukingo wa gongo langu, kipa ameudaka, yaani nimetoka.

Wote wakapaza sauti. Mwamuzi alikuwa mtu wa timu yetu, kama ilivyokuwa kawaida siku zile, na upepo wa ziwani ulikuwa unavuma. Sijui alisikia au hakusikia. Akatikisa kichwa. Nami nikatazama chini, nikasawazisha mkeka kwa gongo, kana kwamba kuna kikunjo. Hakikuwepo kikunjo. Nilikuwa na mikimbio 7. Nilitoka na 41, na tukashinda.

Jioni timu zote mbili tulikwenda kula samaki kwenye vibanda vya Lwang'ni, kama desturi. Yule mzee akakaa karibu nami. Akanisogezea upande wa ngege wenye nyama nyingi. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, wengine hawasikii, "Kijana, mpira ule uliusikia?"

Nikasema, "Mpira upi?"

Akaitikia kwa kichwa. Akanawa mikono. Akaanza kuuliza habari za wanafunzi wangu, kama wana madawati ya kutosha. Hakurudia swali lile, jioni ile wala siku nyingine, na tulikutana mara nyingi kabla hajafa.

Kubaki pale mstarini, naweza kujitetea. Stuart Broad wa Uingereza aligusa mpira waziwazi, ukadakwa, pale Trent Bridge mwaka 2013, dunia nzima ikaona, akabaki kwa sababu mwamuzi hakumtoa, na sheria haimlazimishi mtu kujitoa. Simwiti mwizi. Lakini "mpira upi" sina wa kunitetea. Mzee hakunidai mikimbio yangu 34. Hakudai nijitoe. Aliuliza swali moja, akaniachia nafasi ya kutoa kitu kidogo sana, hata baada ya mechi kwisha, kisichobadilisha matokeo. Nikakinyima.

Ndiyo maana mwezi Machi 2003 nilipomwona Adam Gilchrist wa Australia akijitoa mwenyewe katika nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Sri Lanka, mwamuzi akiwa hajamtoa, nilinyamaza pale sebuleni hata mke wangu akauliza nimepatwa na nini. Ninyi vijana hamjui, lakini mashindano yale yale, siku mbili baadaye, nusu fainali ya pili ilikuwa ya Kenya. Kenya hii! Chini ya Steve Tikolo, dhidi ya India, kule Durban. Tulishindwa kwa mikimbio 91. Na yaliyofuata baadaye katika kriketi yetu mengine ni aibu, siku hizi mtu ukimtajia mkeka anadhani unazungumzia kubeti. Leo tunaongea juu ya mkeka ule mwingine, wa nyuzi za nazi, uliopigiliwa misumari.

Nirudi kwako, binti. Alhamisi nilikuuliza kama ulikuwa umemwona akitoka mapema kabla ya mpira ule. Ukasema ndiyo, mara tatu. Nikakuuliza ulifanya nini. Ukasema ulinyamaza. Basi sikiliza: zile mara tatu ulikuwa unampa. Hakuna aliyekupigia makofi kwa sababu hakuna aliyeona, wala yeye mwenyewe hakujua amepewa. Mara ya nne ukabaki na chako. Mimi, kwa watoto wa umri wenu, ningependa umwambie neno moja ile mara ya kwanza, ingawa sheria haisemi lazima uonye. Ungemwambia tu, "Kaka, rudi nyumbani." Pengine tusingefika hapa. Lakini hilo ni pendekezo la mzee, na umelisikia lilivyo, limetoka kwa mtu wa "mpira upi".

Na wewe kijana, najua unatazama viatu vyako. Wewe pia ulikuja Alhamisi, asubuhi na mapema, kabla ya wenzako. Uliniuliza kama kweli ulikuwa nje. Sikukujibu. Nilikupeleka kando ya mkeka, nikakuonyesha alama ile kwenye vumbi. Ukaweka mguu wako juu yake, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Ukaenea. Tukasimama pale kitambo, kisha ukaniomba nikuonyeshe jinsi ya kuliburuta gongo nyuma ya mstari huku macho yakiwa kwa mrushaji. Tulifanya mara kumi na tano. Nawaambia wazazi jambo hili bila ruhusa yako, unisamehe, kwa sababu katika habari zote za Jumatano zilizozunguka mjini, hii haikusimuliwa.

Kuna mtu ameniomba, niliposimama hapa, niwaite wachezaji wa timu zile mbili mbele wapeane mikono tupige picha. Sitawaita. Mkono wa kuamriwa nimeushika mara nyingi, na hauna joto.

Wingu limefika kwenye ukingo wa kreta, mwenyekiti, nimeliona. Zawadi zigawiwe upesi. Kabla ya hapo, kazi moja: mkeka ukunjwe sasa hivi kabla haujalowa, na kwa ratiba ya wiki, zamu ni ya timu zile zile mbili, ubao uko pale mnaweza kusoma. Misumari ni 24. Mwaka jana tulihesabu 23, na ule mmoja uliobaki uliokotwa na gurudumu la pikipiki ya mwalimu wa michezo. Kwa hiyo mmoja ang'oe, mwenzake ashike kopo, na hesabuni kwa sauti tuwasikie kutoka hapa.